Kipindi kizima bila steringi: “Blink” ilivyotengenezwa, na nyinyi mfanyeje

“Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana tisa hapa Tanga. Tunatengeneza tamthilia yetu ya sayansi ya kubuni na kuiweka mtandaoni, huu mwaka wa tatu. Steringi wetu kaajiriwa, na kwa sehemu ijayo mwajiri kampa siku mbili tu kati ya kumi tulizopanga kushuti. Wenzangu wanataka tuahirishe. Mimi niliiona ile sehemu ya Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa wakati aitwaye Daktari, yenye malaika wa mawe, ‘Blink’, ambamo Daktari mwenyewe karibu haonekani, nikasema nasi tufanye hivyo. Mwenzangu mmoja anabisha. Anasema yule mwigizaji aligombana na wakubwa ndiyo maana akakatwa, na zile sanamu ni kompyuta tupu, sisi hatuziwezi. Ni kweli? Na watazamaji wetu hawatatukimbia? Tumefikiria kumpaka msichana mmoja saruji nyepesi iliyochanganywa na gundi awe sanamu, na tushutie magofu ya Tongoni. Naomba ushauri.”

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lisilosubiri: hiyo saruji msimpake mtu. Sababu nitaieleza huko mbele, lakini kama kuna aliyeanza kufanya majaribio, mpigie simu sasa hivi aache.

Sasa nije kwenye hofu yako. Umeuliza kuhusu sanamu, lakini nikikusoma vizuri kinachokunyima usingizi ni zile siku mbili. Unaogopa kwamba kipindi bila steringi ni kama harusi bila bwana harusi, watu watakula na kuondoka wakinung’unika. Mimi kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa ratiba. Ndiye ninayekaa na kalenda na kuamua nani anashuti lini, wapi, na nani anakaa nyumbani. Kwa hiyo “Blink” naipenda kwa sababu ambayo pengine mtazamaji wa kawaida haioni: ile sehemu ilizaliwa na kalenda.

Hakukuwa na ugomvi. Doctor Who ilianza BBC tarehe 23 Novemba 1963, ikasimama mwaka 1989, na ikarudi kama mfululizo mwaka 2005, safari hii ikitengenezwa Wales, jijini Cardiff. Msimu wa 2005 ulikuwa na vipindi 13. Ulipopendwa, ikaongezwa sehemu maalumu ya Krismasi, vikawa 14 kwa mwaka. Vipindi viliongezeka, siku za mwaka zikabaki zilezile, na Daktari ni mmoja, anayetakiwa karibu kila sini. Hapo hesabu inagoma. Njia waliyoipata ni kugawa kikosi: timu mbili zinashuti vipindi viwili kwa wakati mmoja. Timu moja inakaa na mwigizaji mkuu, nyingine inatengeneza kipindi kilichoandikwa makusudi kimhitaji kidogo sana. Mwaka 2006 kipindi cha namna hiyo kilikuwa “Love & Monsters”. Mwaka 2007 kikawa “Blink”, kilichorushwa tarehe 9 Juni. Mwaka 2008 wakageuza kidogo: “Midnight” ikampa Daktari kazi yote huku mwenzake wa safari akionekana kwa muda mfupi, na “Turn Left” ikafanya kinyume chake.

Na jambo lenyewe si geni hata kwao. Miaka ya mwanzo walikuwa wakirekodi kipindi kila wiki, karibu mwaka mzima. Msimu wa kwanza peke yake ulikuwa na vipindi 42. Mwigizaji ni binadamu, anahitaji likizo. Mwaka 1964, katika hadithi ya “The Keys of Marinus”, William Hartnell, aliyekuwa akimwigiza Daktari wakati huo, hayumo sehemu ya tatu wala ya nne kwa sababu alikuwa mapumzikoni. Hadithi ikasema Daktari ametangulia mbele. Mwaka huohuo aliumia kazini wakati wa “The Dalek Invasion of Earth”, wakamfanya Daktari azimie sehemu inayofuata, na mtu mwingine akashika nafasi yake akionekana kwa mgongo. Mwaka 1965 walirusha “Mission to the Unknown”, ambamo Daktari na wenzake wote hawamo kabisa. Kwa hiyo mwambie mwenzako mbishi kwamba steringi kukosekana ni jambo ambalo mfululizo huu umelizoea tangu haujafikisha mwaka mmoja.

Ila tazama tofauti ya ujanja. Daktari aliyezimia ni kiraka. Mtazamaji anakubali, anasubiri aamke. “Blink” haikuweka kiraka. Mwandishi wake, Steven Moffat, alitakiwa mwaka ule aandike hadithi ya vipindi viwili ya Daleks, maadui wakubwa wa Daktari, akabanwa na kazi nyingine, akajitolea kuandika hiki cha Daktari kiduchu. Tayari alikuwa na hadithi fupi aliyoiandika kwa kitabu cha mwaka cha watoto cha Doctor Who cha 2006: msichana wa miaka 12, Sally Sparrow, anakuta ujumbe wa Daktari nyuma ya karatasi ya ukutani, kisha anazungumza naye kupitia mkanda wa video uliorekodiwa zamani. Malaika hawamo mle. Moffat akamkuza Sally awe mwanamke kijana, mkanda ukawa DVD, na akaongeza malaika wa mawe, viumbe wanaosogea pale tu usipowatazama, wanaokugusa wakakutupa miaka ya nyuma, ukaishi huko mpaka ufe, wao wakashiba zile siku ambazo ungeziishi huku.

Umeona alichofanya? Kukosekana kwa Daktari kumegeuka kuwa ndiyo hadithi yenyewe. Hayupo kwa sababu ametupwa 1969 na hana chombo chake cha kusafiria. Anahangaika kuwafikia watu wa 2007 kwa njia pekee aliyonayo, kwa kujirekodi na kufichwa kwenye DVD 17. Kila dakika ambayo hayupo inakukumbusha tatizo lake. Sasa rudi kwenye daftari lako. Usiulize “tumfiche vipi steringi wetu?” Uliza “yuko wapi, na kwa nini hawezi kuja?” Jibu likiwa la kutisha kiasi cha kutosha, siku mbili zitakutosha.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye faida kubwa kwenu. Mazungumzo ya Daktari na Sally kupitia skrini ndiyo moyo wa kipindi kile. Mwigizaji, David Tennant, yuko mbele ya ukuta, anatazama moja kwa moja kwenye lenzi, anasema nusu yake ya mazungumzo. Mwanzoni tunasikia vipande vipande, na havina maana. Baadaye Sally anakaa mbele ya televisheni, anaanza kuuliza, na tunagundua kwamba vile vipande vilikuwa majibu yake. Larry, ndugu wa rafiki yake, anaandika kila neno analolisema Sally, na maandishi hayohayo ndiyo yatakayomfikia Daktari ili ajue cha kusema. Kwa mtazamaji ni kizunguzungu kitamu. Kwa mtu wa ratiba ni zawadi: mwigizaji mkuu, sehemu moja, taa zilezile, nguo zilezile, na yale yale yatatumika mwanzoni, katikati na karibu na mwisho. Ukijumlisha na sini chache fupi alizoonekana kwa mwili, mtazamaji anaamka kwenye kochi akiamini alikuwa naye muda wote.

Nyinyi mkitaka kufanya kitu cha namna hiyo, mjue mtego wake. Steringi wenu ashutiwe kwanza, siku zake mbili ziwe mwanzo wa ratiba. Akishaondoka, mapengo aliyoyaacha kati ya sentensi na sentensi ndiyo hayohayo, huwezi kuyanyoosha. Akiacha sekunde mbili na msichana wenu anahitaji nne kusema maneno yake, mmekwama. Kwa hiyo wiki moja kabla, wakalishe wote wawili, wasome kwa sauti, wewe ushike saa. Siku ya kushuti, msichana yuleyule asimame kando ya kamera aseme nusu yake kwa sauti ya chini, mradi maneno yao yasigongane. Mpigeni huyo kijana shuti moja ndefu isiyokatwa, mara tatu, kisha mara moja zaidi mapengo yakiwa marefu kuliko mnavyodhani mnahitaji. Pengo refu utalikata. Fupi huna la kulifanya.

Sasa zile sanamu. Mwenzako kakosea, lakini si kosa la aibu, wengi wanaamini hivyo. Wale malaika ni watu. Waliwaigiza wanawake wawili, Aga Blonska na Elen Thomas, waliovishwa nguo na sura za kubandika, wakapakwa rangi ya jiwe, wakavalishwa mabawa. Kompyuta ilisaidia, haikuwaumba. Kazi kubwa ilifanywa na kusimama kimya, na mkasi wa mhariri.

Asili yake ni mchezo wa watoto, na Moffat mwenyewe amewahi kuutaja: mmoja anageukia ukuta, wenzake wananyemelea kutoka nyuma, akigeuka ghafla wote wanaganda. Nani hajaucheza? Kinachotisha ni ile nafasi kati ya kugeuka na kugeuka. Sisi tuna msemo, kufumba na kufumbua, na kipindi kizima kinaishi ndani ya msemo huo, ndiyo maana hata jina lake ni kupepesa jicho. Binadamu hupepesa macho mara 15 hadi 20 hivi kwa dakika, na kila mara ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde, sehemu ya tano ya sekunde ni fremu tano. Ndani ya fremu tano, kiumbe kimevuka ukumbi.

Na mwongozaji, Hettie MacDonald, alizingatia jambo moja ambalo naomba mlizingatie kuliko mengine yote: malaika hawaonekani wakitembea hata pale ambapo hakuna mhusika anayewatazama. Kwa nini? Kwa sababu wewe unawatazama. Kamera ni jicho pia. Hakuna anayekutangazia hilo, lakini mwili wako unalielewa, ndiyo maana unajikuta hutaki kupepesa sebuleni kwako. Sini moja ya pale kwenye nyumba kuukuu ya malaika, Larry ameachwa peke yake na malaika mmoja, anajilazimisha kumkodolea macho huku yanamlenga machozi. Kinachokutisha pale ni uso wa Larry; malaika amesimama tu.

Kwa vitendo: kamera iwe kwenye stendi, isitikisike. Mpate shuti ya jicho la mhusika, kisha sanamu ilipo, kisha jicho, kisha sanamu ilipo sasa. Kama sanamu ni mtu, atoe pumzi kwanza, asivute, halafu ndipo upige sekunde tatu. Kwenye kuediti unaweza kuigandisha fremu moja, lakini ukigandisha picha nzima jani lililo nyuma nalo litaganda, na mtazamaji atahisi udanganyifu hata kama hajui ni upi. Kata mwili wa sanamu peke yake uugandishe, kilicho nyuma kiendelee kupumua.

Nirudi kwenye saruji kama nilivyoahidi. Saruji ikilowa maji inakuwa kali kama magadi, na zaidi. Inaunguza ngozi taratibu, mara nyingi bila maumivu ya haraka, hivyo mtu anaweza kukaa nayo saa nzima akidhani yuko salama huku ngozi inalika. Ikiingia jichoni inaweza kuharibu uwezo wa kuona. Gundi ya mbao, rangi ya mafuta ya nyumba, plasta, vyote msiviguse kwenye mwili wa mtu.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msaidizi wa mwongozaji kwenye tangazo moja lililotaka msichana aonekane kama wa shaba. Kampuni iliyotuajiri ilileta rangi ya mageti. Mimi niliiona ile kopo, nikaona pia saa inakwenda, nikanyamaza. Haikupita saa moja na nusu, shingo yake ikaanza kuvimba. Mtu mmoja akakimbia kuleta mafuta ya taa ya kumfutia, na hayo yakamuunguza kuliko rangi yenyewe. Alikaa siku nne bila kuweza kugeuza shingo. Tangu siku ile, kopo lolote linalokaribia ngozi ya mtu kwenye eneo langu la kazi lazima nilisome mimi kwanza.

Kama lazima muwe na sanamu ya mtu, hapo ushauri wangu wa maandishi unakoma. Tafuteni mpambaji wa filamu au wa jukwaani mkae naye ana kwa ana, aje na rangi za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya uso. Ajaribu kipande kidogo ndani ya mkono wa msichana siku moja kabla, na amuulize kama ana pumu au mzio. Lenzi za rangi za machoni msinunue mtaani. Hizo ni za daktari wa macho. Na ikitokea mtu akaungua, maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kusugua, kisha hospitali. Msisubiri sini iishe.

Ila mimi ningewashauri njia nyingine. Malaika wa mawe wanatisha Uingereza kwa sababu wako kila mahali: makaburini, kwenye majengo, kwenye bustani. Ndiyo maana “Blink” inamalizika kwa kuonyesha sanamu za kawaida za mjini, moja baada ya nyingine, ili kesho yake asubuhi ukipita barabarani uogope. Tanga malaika wa mawe wako wapi? Mtazamaji wenu wa Chumbageni hatakutana naye akienda sokoni. Lakini nenda maduka ya nguo pale mjini jioni wanapofunga. Zile sanamu za kuvalisha nguo, nyingine hazina kichwa, nyingine zina mkono mmoja, zimesimama nyuma ya kioo zikitazama barabara. Kila mtu ameziona maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kuzihesabu.

Mkiazima sanamu moja ya dukani, haihitaji rangi, haipumui, haichoki, na mnaweza kuishutia saa sita za usiku bila mtu kuumia. Sitakuficha upungufu wake: haiwezi kubadilisha uso. Malaika wa “Blink” wana sura mbili, ya upole na ya ukali wenye meno, na ule mgeuko una nguvu ambayo plastiki haina. Mtalipa pengo hilo kwa mkono. Shuti ya kwanza mkono uko chini. Ya pili umeinuka kidogo. Ya tatu sanamu imevaa shati la mtu aliyepotea sini ya nyuma. Mimi hilo la shati lingenitoa kwenye kiti.

Kuna faida nyingine. Malaika wale ni mali ya wenyewe. Wazo la kitu kinachosogea usipokitazama halina mwenyewe, lakini umbo, jina na kanuni zao msizichukue. Mkitengeneza cha kwenu hamna wasiwasi. Mkiwa na shaka, peleka mswada wenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mzungumze nao, na kibali cha kushuti ni Bodi ya Filamu.

Kuhusu Tongoni, ningesema hapana, na si kwa sababu ya vibali peke yake. Ule msikiti na yale makaburi ya karne nyingi ni mambo ya kale yanayolindwa, na kwa watu wa pale ni makaburi ya wazee. Kuyafanya nyumba ya majini kwenye tamthilia kutawaumiza majirani zenu. Kama moyo wako umepang’ang’ania, usitume barua. Nenda mwenyewe, ukae na msimamizi na wazee wa kijiji, uwasimulie hadithi yote mpaka mwisho, ukubali jibu watakalokupa.

Je, watazamaji watakimbia? Wengine watanung’unika, nisikudanganye. “Love & Monsters” mpaka leo inawagawa mashabiki, wako wanaoipenda na wako wasiotaka kuisikia. “Blink” ilipata tuzo ya Hugo, ya kazi za sayansi ya kubuni, mwaka 2008, na Moffat akapata ya uandishi ya BAFTA, tuzo za filamu na televisheni za Uingereza. Vyote viwili havina Daktari wa kutosha, kwa hiyo tofauti haiko hapo. Ninavyoona mimi, iko kwa Sally. Carey Mulligan, ambaye miaka michache baadaye aliteuliwa kuwania Oscar, anaingia kwenye ile nyumba kwa sababu zake mwenyewe, anapoteza rafiki, anakutana na kijana wa kumpenda na kumpoteza siku hiyohiyo, na anaamua mambo. Sally hasubiri steringi amwokoe. Kwa hiyo msimpe nafasi hiyo mtu aliyebaki kwa kuwa ana nafasi. Mpeni aliye bora kuliko wote kikundini, hata kama ni yule mliyetaka kumpaka saruji.

Tumia wiki hii kupanga siku zile mbili kabla hamjaandika mstari wowote wa mazungumzo. Siku ya kwanza asubuhi, ukuta na lenzi, ile shuti ndefu. Mchana mpigeni sini moja ya barabarani atakapokutana ana kwa ana na msichana, ya kufungia kipindi. Siku ya pili ni ya akiba, maana kutakuwa na mvua, au umeme utakatika. Na kabla hajavua nguo za mhusika jioni ile, mpige vipande vidogo visivyo na maneno: mikono yake ikiandika, mgongo wake akiondoka, viatu, akiinua kichwa kama aliyesikia kitu. Nusu saa tu. Mtakapokaa kuediti usiku wa manane na pengo limewashinda, hivyo ndivyo mtakavyovitafuta.